Samaki Aliyeitika

Kuna watu hufundisha kasuku matusi. Kasia alifundisha samaki kuitika, na laiti angejua mwisho wake, asubuhi zile zote angelala zake usingizi.

Kasia ni jina la utani. Alipewa kwa kuwa tangu nyumba ya wageni ijengwe kando ya ziwa, yeye ndiye alikuwa mpiga makasia wake. Aliwazungusha wageni ghubani, akawaonyesha ndege weupe kwenye matete, akawaonyesha kisiwa cha mawe, na mwisho akawafikisha kwa Mheshimiwa. Huyo ndiye hasa aliyewatoa watu makwao. Alikuwa kambare mzee, mnene kama paja la mtu mzima, na sharubu zake za upande wa kulia zilikuwa zimekatika, kimebaki kigutu kimoja tu. Wakamwita Mheshimiwa kwa sababu haji mpaka aitwe, akija ni kula, na akishakula huondoka bila kuaga.

Mwito wenyewe ulikuwa hivi: Kasia aligonga ubavu wa mtumbwi kwa mpini wa kasia, ko, ko, ko, kisha akatupa kipande cha mkate. Ilimchukua misimu mizima kumzoesha. Wageni hawakuiona taabu hiyo. Walichoona ni mtu anabisha hodi juu ya maji na maji yanamfungulia. Walishangilia, wengine machozi yakawatoka, na picha ya Mheshimiwa ikachorwa kwenye kibao cha njia panda. Wala usidhani kwa Kasia ilikuwa kazi tu. Siku alizogombana na mkewe alikwenda kumsimulia samaki yule, na kwa msikilizaji asiyekatiza maneno hakuna wa kumfikia.

Nyumbani kwake kulikuwa na jambo zito zaidi. Baba wa mkewe alihamia kwao baada ya kufiwa. Mzee huyo alikuwa ametupa nyavu maisha yake yote, na sasa mikono ilimtetemeka na macho yalikuwa na ukungu. Aliketi kwenye kiti cha plastiki sebuleni akiutazama ukuta. Chakula alikigusa, akakirudisha. "Mikono imetangulia kufa, wanangu," alisema. "Mimi nafuata tu." Binti yake alichukua sahani iliyojaa, akaingia nayo jikoni, na kule jikoni alilia. Nguo za mzee zilianza kumpwaya. Kila mtu nyumbani alijua anakoelekea, ila hakuna aliyethubutu kukitaja kifo.

Ndipo Kasia akapata wazo. Nyuma ya nyumba yao, ng'ambo ya matete, kulikuwa na gati ya zamani ya mbao, nje kabisa ya eneo la wageni ambamo uvuvi ulikatazwa. Maji ya pale yalikuwa ya magotini, chini tope tupu. Samaki hawakufika pale. Kasia alilijua hilo, na ndiyo maana akapachagua. Akanunua mshipi na ndoana.

"Baba, uwe unakwenda kukaa pale gatini, upate hewa. Ukipata samaki, bahati yako."

Moyoni alijua mzee atapata hewa tu. Akili nyingi huondoa maarifa, jamani.

Siku moja mchana akawa anarudi nyumbani kula. Kabla hajagusa mlango akasikia kicheko, akasimama. Tangu mzee yule ahamie, nyumba haikuwahi kukisikia kicheko chake. Ndani, mkewe alikuwa anapakua huku kitenge kinamdondoka kwa haraka.

"Baba kapata samaki! Kaa, mume wangu, kaa ule!"

Kasia akala. Akasifu mchuzi, akasifu nyama laini, akaongezwa. Mzee naye alikuwa kwenye sahani ya pili, mchuzi unamchuruzika kidevuni, na binti yake anaitazama sahani ile kana kwamba ni mtoto mchanga.

"Sasa nikuhadithie," mzee akasema. "Zile mbao zimeoza, hukanyagi kabla ya kuuliza. Basi mimi nagonga kwa mkongojo wangu, ko, ko, ko, nijue ipi nzima. Mara naona tope linatibuka. Mwanangu, samaki kaja mwenyewe mpaka miguuni! Kafumbua mdomo, kanitazama! Nami kwenye ndoana nilikuwa nimetia mkate wa asubuhi. Miaka yote niliyovua sijaona samaki mwenye heshima kama huyu."

Mkono wa Kasia ukasimama njiani.

"Kichwa nimekuwekea wewe," mzee akaongeza. "Mshipi si ulikuwa wako?"

Mkewe akafunua sufuria. Kichwa kililala juu ya mchuzi, sharubu za kushoto zote zipo, na upande wa kulia kigutu kimoja.

Kasia alipigwa na butwaa. Kule ndani ya maji ya tope samaki alikuwa amesikia hodi, akaacha kilindi chake, akapenya matete, akaja kwa rafiki. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini Kasia aliingia akiwa bado anatafuna.

"Mbona huli?" mkewe akauliza.

"Mwiba. Umenikwama."

"Kambare mkubwa hivi, mwiba utakukwamaje?"

"Mwache," mzee akacheka. "Kazoea kuwaonyesha watu samaki, kuwala kasahau!"

Kasia akamtazama. Uso ule uliokuwa umezimika ulikuwa umewaka, na mikono, ingawa bado inatetemeka, ilikuwa inachambua nyama yenyewe bila kusaidiwa. Akavuta sahani karibu. Akakila kichwa cha rafiki yake mpaka mwisho, na akasema kitamu.

Asubuhi wageni walikuja kama kawaida, bwana na bibi wa makamo, wameona kibao njia panda. Kasia alijua, na hata hivyo alipofika mahali pake aligonga. Akagonga tena. Mkate ulilowa, ukatawanyika, tudagaa tukaupapura.

"Labda kalala," yule bibi akasema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma Kasia.

Meneja wa nyumba ya wageni alimwita ofisini, kwenye chumba chenye funguo zilizotundikwa misumarini na picha kubwa ya Mheshimiwa juu ya meza.

"Kuna mtu kamvua," meneja alisema, mkono tayari uko kwenye simu. "Nimeambiwa jana harufu ya kambare ilijaa mtaa mzima. Naita askari. Wapite nyumba kwa nyumba, wafunue masufuria, na huyo mwizi nitamweka nje pale atazamwe na kila mgeni."

Kasia akaiona sebule yake. Akaona buti mlangoni, na mzee kwenye kiti cha plastiki akiambiwa mbele ya binti yake kwamba samaki wake ni wa wizi. Alijua kiti kile kikimpokea tena, hakitamwachia.

"Usiwasumbue watu, bosi. Ni mimi."

Meneja alicheka kwanza. Kisha akaacha kucheka, akakaa chini taratibu. "Wewe? Wewe uliyemlea?"

"Ndiyo maana alikuja."

Hata kufoka meneja alisahau. Alichoweza ni kunyoosha kidole. "Liache kasia mlangoni. Nisikuone hapa tena."

Akaliegemeza ukutani. Mpini wake ulikuwa umelika kwa kugonga, na hapo ndipo machozi yalipomshinda, mtu mzima, mbele ya msichana wa mapokezi.

Nyumbani alimkuta mzee amevaa kofia, mshipi begani, mkongojo mkononi, ananuka sabuni.

"Umerudi mapema? Afadhali. Twende nikuonyeshe samaki wanavyokuja."

Wakaenda. Mzee akakaa ukingoni mwa gati, akakitunga kipande cha mkate kwenye ndoana kwa vidole vinavyotetemeka, asikubali kusaidiwa. Akagonga ubao. Ko, ko, ko. Maji yalitulia tuli.

"Leo wanachelewa," mzee akasema.

Kasia akakaa kando yake.

"Gonga tena, Baba," akasema.