Sisi Ndio Kina Kuku

Mkate unaoiva ndani ya debe haunukii kama mkate wa dukani. Una moshi wa kuni za mkaratusi, una ukali kidogo wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi ambayo babu yangu aliitia kwenye unga badala ya hamira, na una ile harufu ya ganda linaloanza kuungua upande mmoja kwa sababu debe halijui haki. Asubuhi za Mbeya miaka ya sabini, ukungu ukiwa bado umeufunika mlima Loleza, harufu hiyo ndiyo iliyonitoa kitandani. Baridi ilikuwa ya kung'ata masikio, lakini nilitoka hivyo hivyo, bila viatu, nikachuchumaa jikoni kwa Babu mzaa baba kusubiri kipande cha kwanza. Babu alikuwa amepika maisha yake yote kwenye shamba la chai la mzungu kule Mufindi, mkoani Iringa. Mzungu alipofunga virago akarudi kwao, Babu alibaki na kofia, na koti la kazi, na mikono iliyojua unga, na jina. Hilo jina ndilo nataka kulisema, maana wapo waliotaka kuninyang'anya, na sikukubali.

Yule mzungu hakujisumbua kumuuliza mpishi wake anaitwaje. Alisimama barazani akapaza sauti, "Cook!" na wachuma chai waliomsikia wakajua kwamba mpishi mpya anaitwa Kuku. Ulimi wetu haupendi neno linaloishia hewani, hulitafutia irabu ya kukalia. Babu aliitika, kwani angefanyaje? Miaka ikapita, Kuku akaoa, Kuku akazaa, na baba yangu akaandikishwa shule kuwa mtoto wa Kuku. Jina la ukoo wetu, Kihwele, likabaki la misibani na kwenye matambiko. Kule Mufindi hakuna aliyecheka. Watoto wote wa kambi ya wachuma chai waliwahi kupewa kipande cha mkate kwenye mlango wa nyuma wa nyumba kubwa, na aliyewapa alikuwa Kuku. Ukisema wewe ni wa kwa Kuku, watu walikusogezea kigoda.

Kisha baba akapata kazi ya kuendesha lori Mbeya, tukahama sote, Babu na Bibi na debe lao. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nasi tulikuwa wageni kweli, tena kuku wa jina. Siku ya kwanza mwalimu alipoita "Faraja Yohana Kuku!" darasa zima liliwika. Watoto wa Kisafwa na wa Kinyakyusa, watani wetu, hawakuhitaji kusukumwa. Walikwisha kujua kwamba sisi Wahehe tunasingiziwa kula mbwa, basi wakaunganisha wimbo: kuku wa Iringa anakula mbwa, ko-ko-ko! Walinitupia punje za mahindi mapumzikoni. Wengine wangelia, mimi niliwafuata na ngumi, nikarudi nyumbani sketi imechanika, nikachapwa na mama pia. Sijutii hata ngumi moja.

Tulipofika darasa la saba, Mwalimu Mkuu, ambaye pia ndiye aliyetufundisha Kiingereza, aliniita ofisini. Alikuwa mtu mwema, mrefu, mpenda nchi, aliyetulimisha shamba la shule huku yeye mwenyewe ameshika jembe. Akaniambia kwamba kabla majina ya mtihani hayajapelekwa, langu litabadilishwa. "Hili ni jina la mkoloni, tena limeharibikia njiani likawa la mfugo," alisema. "Utakwenda nalo sekondari? Mlete babu yako Ijumaa."

Nyumba yetu iliingia vitani wiki ile. Baba aliunga mkono upesi. Kumbe hata yeye madereva wenzake walikuwa wakimuuliza bei ya mayai. Bibi alimkatiza huku akipepeta mchele wa Rujewa: "Kuku havunji yai lake, Yohana. Wewe unataka kulivunja la baba yako?" Babu aliendelea kukaa kwenye kigoda chake akilitazama debe, na asubuhi iliyofuata hakuwasha moto. Wala iliyofuata. Niliamka nikanusa baridi tupu. Niliogopa kuliko nilivyoogopa mtihani, kwa sababu nilielewa kinachoondoka. Wakifuta jina, watakuwa wamefuta miaka yote aliyosimama mbele ya jiko, na yeye mwenyewe alishaanza kuamini kwamba ilikuwa miaka ya kuaibika.

Siku moja kabla ya Ijumaa, Mwalimu Mkuu alitufundisha majina ya kazi kwa Kiingereza. Akachangamka, kama ilivyokuwa tabia yake, akatoka nje ya somo. Alisema Waingereza wengi wamebeba kazi za mababu zao bila hata kukumbuka. Smith, jina lililojaa kwao kuliko yote, maana yake mhunzi. Taylor ni fundi wa kushona. Na Cook, akasema akiandika ubaoni, ni mpishi; hata hao kina Cook wametapakaa Uingereza yote, mabwana wakubwa wasiojua kuchemsha yai. Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekaa pale naona hasira na furaha zinanipanda pamoja.

Ijumaa Babu alikuja amevaa koti lake la kazi, lile la vifungo vya shaba. Wakasalimiana "kamwene" kwa heshima, maana Mwalimu Mkuu alijua salamu yetu. "Mzee," akasema, "mwacha mila ni mtumwa. Tumwandike Faraja Yohana Kihwele, yaishe."

Babu alivua kofia. "Mwandikeni tu, mwalimu. Mie nimechoka kuona mtoto anachekwa kwa ajili yangu."

"Sitaki!" nilisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Mwalimu, jana umetufundisha mwenyewe. Smith ni mhunzi, na wanajivunia. Cook ni mpishi. Huyo Cook wa kwanza wa Ulaya naye alipewa jina na sufuria, si na baba yake. Mbona yeye hamumwiti mtumwa? Babu alipika! Jina kalitolea jasho. Mkiniandika Kihwele sitaitika, hata kwenye mtihani."

Mwalimu Mkuu aliniambia sina adabu, na kweli sikuwa nayo. Nikapewa adhabu ya kulima matuta peke yangu mpaka jua lizame. Lakini kabla sijatoka niliona Babu anarudisha kofia kichwani, taratibu, mgongo umenyooka. "Basi, mwalimu," alisema, "umemsikia mwenyewe. Mwache hivyo hivyo. Sisi ndio kina Kuku." Kesho yake niliamshwa na moshi wa mkaratusi, na kipande changu cha kwanza kilikuwa kikubwa, kimeungua upande mmoja.

Sasa naishi Iringa, nimestaafu uuguzi, na wimbo umegeuka. Zamani walitaka kulifuta jina kwa sababu lilinuka uzungu. Siku hizi wanataka kuliosha lirudi kuwa la kizungu. Mjukuu wangu aliyerithi jina la Kuku kwangu, mwanafunzi wa chuo huko Mbeya, alinijia likizo na simu yake, akanionyesha alivyojiandika: Cook. "Bibi, ndiyo asili yake," akasema, "halafu ina hadhi. Kuku, watu wanacheka." Nilimwambia waache wacheke, nimewashinda wengi. Nilimwambia Cook ni neno alilolipaza mtu aliyeshindwa kuuliza jina la mwenzake, na Kuku ni jina waliloliita watu walioshiba mkate wake. Hayo ni mambo mawili, na mimi ni wa hilo la pili. Kijana akaguna tu. Basi nikamwekea unga mbele, nikamwambia akande, chakula cha jioni kitamtegemea yeye. Alilalamika sana, kisha vidole vyake vikaanza kuukunja unga kwa namna ambayo hakuna aliyemwonyesha, vikiusukuma kwa kiganja na kuurudisha, kama nilivyomwona Babu akifanya. Mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Sikumsifu. Nilikwenda kuwasha moto chini ya debe.