Vyungu Chini ya Maua

"Hapana, Meneja, ziwa siyo bomba," nimemjibu leo, wala sikungoja amalize. Alikuwa ananionyesha Tanganyika pale chini ya baraza, eti maji yote yale halafu mimi nataka kung'oa nyasi za mbele nipande maua yasiyonywa sana. Nikamwambia maji hayapandi kilima yenyewe, yanapandishwa na pampu. Kiangazi pampu ikisumbua, nyasi zinamaliza tangi na wageni wanaoga kwa kikombe.

"Nani kakufundisha kubisha hivi?"

"Huyu hapa." Nikamwonyesha Mzee Bukuru, mkuu wa bustani, anayestaafu Ijumaa. Mzee akajifanya anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

Nilianza kazi hapa Bangwe, kwenye nyumba ya wageni, miaka mitatu iliyopita, nikiwa nimetoka tu kidato cha nne. Siku ya kwanza niliomba mpira wa maji. Mzee akanipa jembe dogo.

"Chimba."

Tukafukia vyungu vya udongo hadi shingoni, kila kimoja katikati ya miche mitano, tukavijaza maji na kuvifunika. Chungu kinatoa jasho polepole na mizizi inalifuata. Juu tukatandaza majani makavu ya migomba, jua lisikaushe udongo. Mzee alijifunza hayo ujanani, kwenye bustani ya stesheni. Mkuu wa stesheni alikuwa akimwambia, "Bukuru, treni inaweza kuchelewa. Maua hapana."

Mimi niliona anachelewa yeye. Wiki hiyohiyo nikakuta jikoni wanataka kumwaga beseni la maji. Nikalinyakua, nikajaza vyungu vyote vya mstari wa kwanza. Kumbe walikuwa wameloweka humo migebuka, samaki waliokaushwa kwa chumvi. Siku ya nne miche imekauka, na paka wote wa Bangwe wamehamia bustanini.

Nilijua nimefukuzwa. Mzee alicheka mpaka akakaa chini. "Ego, ndiyo, mwanangu. Kuokoa maji umeweza. Bado kuuliza yametoka wapi."

Tangu siku hiyo nauliza. Maji ya kuoshea mboga ndiyo yanakuja kwetu, na upande wa nyuma umechanua kiangazi chote.

Basi leo Meneja akamgeukia. "Mzee, wewe unasemaje?"

"Mimi naondoka. Muulize anayebaki."

Meneja akanigeukia mimi. "Haya. Chukua pale mlangoni. Maua yakifa kabla ya mvua, nyasi zinarudi na bustani nampa mwingine."

Nikasema sawa. Nilicheka njia nzima hadi nyumbani Kasingirima. Mzee ameniachia lile jembe dogo, mpini umelainika kwa mikono yake.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi nang'oa nyasi zote za mlangoni, kabla Meneja hajabadili mawazo. Ila kwanza napitia jikoni, niwaambie maji ya migebuka wayamwage kule mbali.