Mafuta Niliyompaka Mama

Baba alipofariki nilimchukua mama kutoka Sikonge nikaja naye hapa mjini Kanyenye, kwenye chumba changu nyuma ya kibanda ninachoshonea nguo. Nilijiona nimemsaidia. Kumbe kutwa anakaa kwenye kigoda, macho kwenye ukuta wa jirani, chakula anakigusa tu na kukirudisha. Alikonda hadi nikawa nampunguzia magauni kimyakimya asijue. Hospitali walimpima, hawakuona ugonjwa. Nikaogopa nisije nikampoteza na yeye.

Ndipo nikamkumbuka mjomba, kaka yake, anayefuga nyuki kwenye misitu ya kwao. Mama alipokuwa binti alimshikia babu moshi wakirina asali. Nilipomwambia tukamtembelee mjomba msimu huu wa kurina, akageuka kutoka ukutani akauliza, "Lini?"

Basi mimi kwa furaha, siku yenyewe nikampamba. Gauni la maua, halafu mafuta ya udi ya hapa mjini, shingoni, mikononi, mpaka miguuni. Nikajipaka na mimi. Kwenye basi watu walikuwa wanageuka!

Mjomba alitupokea stendi na baiskeli yake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. He! Mmekuja kurina au kuolewa?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema nyuki hawataki marashi. Tukisogea kwenye mizinga watatuvaa, na yeye atakuwemo. Mama akaniangalia tu. Machozi yalinilenga. Siku moja aliyoitaka mwenyewe, nimeiharibu kwa chupa ya mafuta!

Mjomba akampakia mama kwenye baiskeli, mimi nikafuata kwa miguu. Akatuacha chini ya miyombo, mbali na mizinga, akaingia ndani na moshi wake.

Nikaanza, "Mama, naomba unisamehe, mimi..."

"Nyamaza kwanza. Sikiliza."

Nikasikiliza. Upepo ulikuwa unapita juu kwenye majani, halafu unanyamaza. Kwa mbali kabisa, nyuki. Hakuna cherehani, hakuna mteja wa "nguo yangu tayari?" Nikashtukia mabega yangu yameshuka, kumbe siku zote nayabeba juu bila sababu.

Mama akavua kandambili. Akainuka mwenyewe, akaenda anagusa miti kama anasalimia watu. "Huu mninga. Huu mtundu, babu yako alitengeneza mizinga kwa magome yake." Akafika kwenye mfuru uliomwaga matunda meusi. Akaokota moja, akala. Akaokota jingine. Mimi nilikuwa nahesabu kwa macho, napumua polepole nisimkatize.

Akanipa na mimi, nikala. "Toa ulimi," akaniambia. Wangu mweusi tii. Akatoa wake. Tukacheka mpaka akajishika mti.

Mjomba aliporudi na ndoo ya asali alikuta hata michembe, vile viazi vikavu tulivyombebea, imekwisha.

"Na mimi je?"

"Umechelewa," mama akamjibu. "Kale na nyuki wako."

Tangu hapo, asali ikiwepo isiwepo, Jumamosi tunakwenda kukaa msituni, na siku hizo hata sabuni ya kunukia hatugusi. Wiki iliyopita alivaa lile gauni la maua, akajivutavuta kiunoni.

"Mbona linanibana? Wewe, ulilipunguza?"

Nikachukua wembe nikaanza kufumua mshono, naimba.