Tezi ya Mzee Bii na Ushuhuda Wangu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivunja slaidi nne kabla ya chai ya saa nne. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika zahanati ya shamba la majani chai nje ya Kericho, na kazi yangu ilikuwa kutafuta malaria katika damu ya wachumaji. Mkuu wa zahanati alitazama vile vioo akasema, "Slaidi tutanunua zingine. Macho ndiyo hatuna pa kununua." Baadaye nilihamishiwa maabara ya hospitali moja upande wa Bomet, nikafundishwa kukata nyama.

Vijana wa leo watacheka. Kipande cha nyama ya mgonjwa tulikilaza kwenye fomalini kisioze, tukakizamisha katika nta iliyoyeyushwa, na nta ikiganda tulikikata kwa mashine ya mkono mpaka kikapitisha mwanga. Kisha rangi, kisha darubini. Daktari wa patholojia, yule anayesoma ugonjwa ndani ya nyama, alikuja kutoka Nakuru kila baada ya wiki mbili. Alikuwa mkali, lakini alinikubalia nichungulie pamoja naye.

Ndipo akaja Mzee Bii wa Sosiot, mkulima wa chai na mzee wa kanisa. Mkojo ulikuwa ukimsumbua, na tezi dume, iliyo chini ya kibofu cha mwanamume, ilikuwa ngumu. Daktari wa upasuaji alishuku kansa, akachukua kipande cha tezi kwa sindano. Enzi hizo tiba yetu kubwa ilikuwa kumtoa mgonjwa korodani, na mzee alijua. Mimi wa maabara tu aliniita daktari kama wengine wote. "Daktari," aliniambia polepole, "hiyo hapana. Afadhali nikufe."

Daktari wa patholojia alisoma slaidi yake kwa muda mrefu. Chembe nyeupe za damu, zinazopigana na maradhi, zilikuwa zimejaa kote. Hiyo ndiyo inflamesheni, nayo huweza kuifanya tezi iwe ngumu hata bila kansa.

"Hapa hakuna kansa," alisema. "Lakini sindano inachukua mahali padogo. Na wengine wetu tunashuku inflamesheni ikikaa sana inaitengenezea kansa njia, ingawa bado tunabishana. Mwambie arudi kila mwaka."

Nilimwambia mzee sentensi ya kwanza tu. Nilikuwa na furaha, naye alikuwa ameshanishika mikono analia.

Alipomaliza dawa za inflamesheni alifanya shukrani nyumbani kwake. Mchungaji alikuja, mursik, maziwa yetu ya mgando ya kibuyuni, ikapita, na mzee akashuhudia kwamba Mungu amemponya. Kisha nikaitwa mbele. Nilisimama, kifua mbele, nikasema, "Mzee huyu ni mzima kabisa!" Walipiga makofi mpaka kuku wakakimbia.

Miaka minne ikapita. Siku moja mwanawe Kiprono alimleta amembeba, mgongo umeshindwa kunyooka. Kansa ilikuwa imefika kwenye mifupa. Nilimuuliza mzee kwa nini hakurudi mkojo uliposumbua tena.

"Ningerudi namna gani?" alisema bila hasira. "Mimi nilishuhudia. Na wewe ulisimama mbele ya watu. Nikirudi, si tunaonekana tulidanganya Mungu sisi wawili?"

Alikufa kabla ya mvua ndefu. Sijui kama angepona, lakini nilificha maneno ambayo hayakuwa yangu kuficha, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Tangu hapo hakuna jibu la inflamesheni ya tezi lililotoka mikononi mwangu bila neno ARUDI na mwezi wake, hata wakubwa walipolalamika kwamba kuandika hivyo si kazi ya maabara.

Sasa nimestaafu. Juzi Kiprono, ambaye naye ana mvi, alipimwa tezi akakutwa na inflamesheni, akatibiwa, akafanya shukrani katika boma lile lile. Mchungaji aliniomba niseme neno. Nilisimama nikamuuliza Kiprono mbele ya wote, "Unarudi lini?"

"Mwezi wa nane!" akajibu.

Niliwaomba watu wote waurudie mwezi huo kwa sauti, ndipo nikaketi.