Gitaa la Baba Yake Lan

Mimi si mtu wa kusadiki mizimu, na hili nimelipima muda mrefu kabla ya kulisema. Lilitokea. Mke wangu alikuwa juu jikoni, na alisikia.

Ninatunza wazee huku ughaibuni, mjini Bloomington, na nikiwa nyumbani kwangu katika mji wa Savage hutengeneza magitaa kwenye besimenti, chumba cha chini ya nyumba. Ufundi huo nilijifunza mwenyewe, kwa kuvunja na kuunga. Ndiyo maana Lan, tunayefanya naye kazi, akaniletea gitaa la marehemu baba yake. Kwao Vietnam, wapigaji wa nyimbo za zamani huchimba ubao wa shingo kati ya vile vyuma vyembamba vinavyoukatiza, kila nafasi ikawa na kishimo kama cha kijiko. Kidole kikizamisha uzi humo, sauti hupinda, hulia kama mtu.

"Ziba vishimo vyote," Lan alisema. "Mwanangu ajifunze gitaa la kawaida."

"Dada, hii si kasoro. Mzee alichimba kwa makusudi."

"Najua. Miaka yote nyumba yetu ilikuwa matanga. Sitaki mwanangu arithi kilio."

Gitaa ni lake. Nikaanza na vishimo vya juu: kipande cha mbao, gundi, msasa.

Alasiri moja ya theluji nikaona miguu mbele yangu. Ndara za plastiki, kavu kabisa. Mzee mwembamba, amevaa sweta, wala hakuwa amebisha hodi. Alichukua gitaa, akaketi kwenye ndoo ya rangi, akapiga. Kwenye vishimo vilivyo wazi, uzi ulilia. Alipopanda hadi nilipoziba, uligota mbao. Akarudia, ukagota. Umewahi kumwona mtu wa kiharusi akitafuta neno? Mimi huwaona kazini. Alikuwa vivyo hivyo.

Akaokota patasi yangu mezani, akanipa.

"Baba Neema," mke wangu aliita kutoka juu, "huyo anayekushinda kupiga, anywe chai?"

Niligeuka kumjibu. Niliporudisha macho, gitaa lilikuwa limelala juu ya ndoo. Patasi ninayo mkononi.

Nikatoka nje. Lan, aliyekuja kuangalia kazi imefikia wapi, alikuwa amesimama penye kidirisha cha besimenti, theluji imemjaa mabegani.

"Ni yeye," alisema.

"Mbona hukuingia?"

"Angeacha. Siku zote nilipoingia, aliacha kupiga."

"Basi nivizibue?"

Alijikung'uta theluji mabegani. "Maliza kuziba."

Nilikataa. Akalibeba gitaa, akalipeleka kwa fundi mwingine, naye akamaliza.

Sasa mwanawe analipiga, na analipiga vizuri. Lakini theluji ya kwanza ikianguka, Lan hunifuata kazini, tukiwa tunatandika vitanda, akaniuliza chini chini, "Amepita kwako?"

Namwambia hapana. Atapita kupiga nini?

Nawe, niamini. Ukiachiwa ala ya mtu mliyekosana naye, usiifunge mdomo upesi. Kimya chake pia utakirithi, na hicho hakuna fundi wa kukizibua.