Tonge Jeupe la Mwisho

Saa sita mchana, moshi na mvuke vinagombania dirisha moja dogo katika jiko la hoteli ya Hajati Mastulah, mjini Mbarara, Uganda. Katikati ya purukushani hiyo amesimama Sidonie Nabintu, kitenge kimekazwa kiunoni, anafunua sufuria la wali.

Wali wenyewe ni mweupe pe. Hauna kitunguu wala karoti, na ukiutafuta mdalasini utachoka. Chumvi imepita kwa mbali tu, kama mgeni aliyekuja kusalimia akaondoka.

Sidonie anachota sahani ya kwanza huku jicho moja liko mlangoni. Anaingia kijana mrefu aliyenyoa kipara. "Huyu wa Makenke," ananong'ona. Kweli, askari huyo wa kambi ya jeshi ya Makenke anaomba maharage, tena mengi, na hatulii mpaka wali umefunikwa wote.

Nyuma yake mzee wa Isingiro anaagiza matoke, na wali kidogo pembeni, yote yamwagiwe binyebwa, ule mchuzi mzito wa karanga. Msomali mmoja, dereva wa lori, ametoa ndizi mbivu mfukoni mwake. Anaimenya, anaikatakata juu ya wali, anakula kwa raha zake. Zamani Sidonie alikuwa akimwonea huruma mtu wa namna hiyo, akidhani amekosa pesa ya mchuzi.

"Siku hizi siwahukumu," anasema. "Kila mutu na fasi alizaliwa." Fasi, kwao, ni mahali.

Na kwenye kila meza, karibu na chumvi na pilipili, pamesimama chupa ndogo yenye mafuta mekundu. Ni mawese. Wateja wengi hawaigusi. Sidonie huipangusa kila asubuhi, na ukitaka kujua kwa nini, itabidi urudi naye nyuma hadi Luvungi, katika bonde la Ruzizi, Kivu Kusini, Kongo.

Huko ndiko alikoolewa na Déo, mtoto wa mkulima wa mpunga. Luvungi wali ulikuwa chakula, si mapambo ya Krismasi. Ulipikwa mweupe, ukawekwa kwenye sinia, kisha mawese ya moto yakamiminwa kila mtu upande wake, na sombe, yaani kisamvu, ikafuata. Akiyasimulia hayo, Sidonie anafumba macho, na mwiko unasahaulika hewani.

Ila nyumbani kwa akina Déo kulikuwa na desturi yao, ambayo majirani waliicheka. Kabla ya kumwaga mafuta, kila mmoja alitenga tonge moja la wali ukingoni mwa upande wake wa sinia, lisiloguswa na kitu. Hilo lililiwa mwisho kabisa, likiwa jeupe na limepoa. Baba mkwe wake alikuwa akisema kwamba mtu akiinuka na ladha ya mchuzi mdomoni, atamshukuru mpishi na kumsahau mpunga.

"Mi nilicheka mwaka muzima," anakumbuka. "Mwaka wa pili nikajikuta na mimi natenga."

Vita vya mwishoni mwa 1996 viliwafukuza. Mwaka uliofuata walifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, huku Uganda, yeye, Déo na binti yao Yvette aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Walipewa mahindi, maharage na mafuta meupe ya kopo. Wali hakuna. Ilipita miezi kabla Sidonie hajabadilisha maharage yake kwa kikombe cha mchele dukani kwa Msomali mmoja. Aliupika kwa kuuchungulia kila dakika, kama mtu anayelinda hazina.

Mawese hayakuwepo. Déo alitia mafuta ya kopo, akala, na mwishoni akala tonge lake jeupe. Akasema hilo tu ndilo lililokuwa la nyumbani. Sidonie aliingia ndani akalia, kisha akatoka kuosha vyombo.

Mwaka 2003 habari za amani zilipoanza kusikika, Déo aliamua kwenda kuangalia shamba la baba yake. Alimwahidi mkewe kwamba atarudi kabla maharage hayajavunwa. Akaondoka asubuhi na kifuko cha mahindi ya kuchoma. Mwaka uliofuata mapigano yakawaka tena Kivu, na Déo hakuonekana wala kusikika.

Maharage yalivunwa. Sidonie alimlea Yvette kwa kulima vibarua huko Rugaaga, hadi mwanamke mmoja wa Nakivale alipompeleka kwa Hajati Mastulah, aliyekuwa anatafuta mpishi.

Nusura kazi hiyo imponyoke siku ya Idi. Aliachiwa sufuria la wali wa wageni, naye, kwa moyo safi kabisa, akaamua kuwapa kilicho bora kuliko vyote alivyojua. Alimimina mawese sufuria zima, akakoroga, wali ukawa mwekundu kama udongo wa barabara ya Isingiro. Wageni waliunusa, wakatazamana, wakachagua nyama na kuacha wali. Mmoja aliuliza kwa adabu kama sufuria lilikuwa na kutu.

Hajati, mama mpole asiyependa makelele, hakumfukuza. Alikaa naye jikoni, akaonja ule wali mwekundu, akameza kwa shida.

"Mama Yvette, wewe pika wali nyeupe tu," alimwambia. "Kila mutu ataharibu sahani yake mwenyewe."

Ndivyo wali wa hoteli hii ulivyokuwa mweupe, na chupa za mawese zikahamia mezani. Hajati alijaribu kuziondoa mara kadhaa, maana zilichafua vitambaa. Sidonie alizirudisha. Mwishowe alisema ukweli wake: watu wa Kivu wanapita Mbarara wakienda na kurudi, na mtu wa Luvungi akiona chupa nyekundu atakaa. Hajati akanunua vitambaa vya plastiki.

Chupa zilikaa miaka. Mwaka jana ikaja siku yake.

Kijana wa Kikongo aitwaye Néhémie, aliyekuwa njiani kwenda kwa dada yake Nakivale, alikaa meza ya ukutani. Alivuta wali kidogo ukingoni, akalitenga tonge, ndipo akafungua mawese. Sidonie alimwangalia mpaka mwisho. Kijana alipolifikia lile tonge na kulila jeupe, mama wa watu aliacha sufuria motoni.

Alimwendea, akamuuliza taratibu nani alimfundisha vile. Néhémie aliona haya, akadhani amevunja mwiko fulani. Akaeleza kwamba utotoni alikuwa kambi ya Nyarugusu, Tanzania, ambako jirani yao, mzee aliyeishi peke yake, aliwafundisha watoto wote wa uani kula hivyo. Jina lake halisi hakulijua. Walimwita Papa Luvungi.

Néhémie aliondoka Nyarugusu zamani, na namba za simu alizokuwa nazo hazipatikani tena. Wanaume wa Luvungi ni wengi, vita viliwatawanya kila upande, na Sidonie analijua hilo kuliko yeyote.

Yvette, ambaye sasa ana mtoto wake na hula wali kwa binyebwa kama Wanyankore, wenyeji wa Mbarara aliokua kati yao, hataki kusikia. Anaogopa mama yake atafunga safari ndefu akamkute mtu baki, au mbaya zaidi, akamkute baba akiwa hai na salama miaka yote hii bila kutuma hata salamu. "Mama, unafuata tonge la wali?" alimuuliza, na wakakaa siku mbili hawasemezani.

Sidonie anakiri kwamba jambo hilo la pili ndilo linalomwamsha usiku. Hata hivyo kibali chake cha kusafiri kimetoka, na wiki ijayo atavuka mpaka wa Kikagati kuelekea Kasulu, iliko kambi ya Nyarugusu. Hajati amemfungia mchele. Mawese amejaza mwenyewe, chupa mpya, kifuniko kimekazwa kwa nailoni.

Hataingia akiuliza jina. Sura zinabadilika, anasema, na mtu anaweza kukana jina lake kwa aibu.

"Nitamupikia wali mweupe, niweke chupa pembeni, ninyamaze," anasema, akirudisha mfuniko juu ya sufuria. "Akimwagia mawese sahani yote, nitamuaga kwa heshima, nirudi kwa mutoto wangu. Lakini akitenga tonge jeupe, hapo njo nitavuta kiti. Nitamuuliza kama anajua maharage yamevunwa mara ngapi."