Kishikio cha Sita cha Jeneza la Diene

Mke wangu Diene tumemzika Jumanne. Alikuwa mkamua ng'ombe, mtu wa maneno machache. Mimi sikusoma. Naandika hivihivi, Gradus asije akawahi kusimulia yeye.

Huku kwetu jirani wa kwanza ana kazi yake. Ukichinja nguruwe, anakuja kusifu mafuta, nawe unampa kinywaji. Ukifa, anavuta kengele ya kanisa na kubeba jeneza lako. Hafukuzwi. Jirani yetu wa kwanza ni Gradus.

Wakati wa vita, Wajerumani walipoiteka nchi yetu na kuwasaka Wayahudi, jirani wa upande wa pili, Izak mwenye bucha, Myahudi, alijificha darini kwetu na mkewe Rosa na binti yao Betje. Diene hakuniuliza. Aliniambia tu, "Wanakaa juu. Wewe ongeza viazi."

Novemba tukachinja. Gradus akaja. Diene alikuwa na damu ya soseji mpaka viwikoni, akasahau kuondoa mabakuli mezani. Yalikuwa matano, na sisi tulijulikana wawili tu.

"Ee Diene, mnakula kama watu wa harusi!"

"Huyu mume wangu ana tumbo la fahali."

Gradus akacheka. Akasifu mafuta. Akanywa glasi mbili. Siku ya tatu lori la Wajerumani likaja.

Wakawachukua Izak na Rosa. Betje alikuwa zizini na Diene. Diene akamsukuma ndani ya hori, akamfunika nyasi, akaendelea kukamua. Wakampiga kwa kitako cha bunduki, sikio la kulia likafa palepale. Betje hawakumpata.

Izak na Rosa hawakurudi. Hata kaburi hawana.

Wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Letu lilitujua, likatula, likajifuta mdomo.

Baada ya vita Gradus alikiri mbele ya hakimu kwamba ndiye aliyewaita. Akafungwa miaka miwili, akarudi nyumba ileile. Miaka thelathini na mitano Diene hakumsalimu. Mwezi uliopita, kitandani, akanishika mkono.

"Mkono wa jirani yule usiguse jeneza langu."

Nikaahidi.

Jumanne Gradus akaja na kofia yake nyeusi, kijiji kizima kipo.

"Nimekuja kumbeba jirani yangu."

"Kawabebe Izak na Rosa kwanza."

"Jan, mimi mzee sasa. Watu wanatuangalia."

"Ndiyo maana nimewaita wengi."

Betje, tuliyemlea sisi, mtu mzima sasa, akasogea. "Baba, nishike mimi mahali pake."

"Hapana, mwanangu. Paache wazi."

Vishikio sita, watu watano. Jeneza likaenda limeinama upande mmoja hadi kanisani, na kila mtu alijua ile ni nafasi ya nani.

Jana mwanawe Gradus alikuja, naye ana mvi. Baba yake yuko kitandani tangu mazishi. Akaniuliza, kwa adabu, siku ikifika nitavuta kengele? Maana jirani wa kwanza ni mimi.

Nikampa kahawa. Yeye hana kosa.

"Mwambie baba yako atege sikio," nikasema. "Atasikia alichokuwa akisikia Diene kwa sikio la kulia."